Mwaka Niliomshtaki Bi Tausi

Elisha hunipigia simu jioni, akishafunga karakana yake pale Mikumi, na kabla hajaniuliza hali hulalamika kwanza: mbao ni mbichi, umeme umekatika, vijana wa siku hizi hawajui kunoa randa. Safari hii alipiga asubuhi nikiwa bado mezani na kikombe cha chai, na hakulalamika. Alisema Bi Tausi ametutoka. Alilala mzima, hakuamka. Wangemzika siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri, na hakuna ambaye angenilaumu kwa kuyakosa maziko, maana Dar es Salaam si jirani. "Lakini njoo, dada," akasema. "Zuhura amekataa kula. Kila anayempelekea sahani anamshukuru vizuri, kisha anaiweka chini. Wanakusubiri wewe." Zuhura ni binti wa pekee wa Bi Tausi, naye ni bibi mwenye wajukuu sasa. Sikumuuliza Elisha kwa nini wanisubiri mimi, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu ambaye hata kusonga ugali wa watu wengi hawezi. Nilijua. Bi Mwanaidi aliyenipokea nikiwa msichana alishakufa, kaka yake alishakufa, na waliobaki upande wetu ni vijana wanaoona haya. Nikakunja khanga mbili, nikafunga nyumba, nikaenda kutafuta basi, nikapata nafasi kwenye la alfajiri iliyofuata.

Basi lilipopunguza mwendo kwenye mbuga ya Mikumi na abiria wakainuka kutazama twiga, mimi nilibaki nimekaa. Macho yangu yalikuwa kwenye mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Watu wanaosimulia maisha yao huanza na babu. Mimi sina babu wa kuanza naye, na nilishaacha kuona hilo kuwa kasoro. Nitaanza na chumba cha kulia. Kilikuwa chumba kirefu cha nyumba ya kulelea watoto, katika vilima vya kuelekea Lumuma, chenye meza moja iliyofunikwa kitambaa cha mpira kilichochorwa matunda ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaonja. Dirisha lilitazama jikoni, kwa hiyo tulijua tutakula nini kabla ya sala. Ilikuwa Jumatano, na kupitia dirisha lile niliona mchele unachaguliwa. Wali ulikuwa chakula cha Jumapili. Nilimwambia Elisha, tuliyekua pamoja pale bila udugu wa damu, "Leo wanatuaga," naye akasema kwamba mimi nikiona hata nzi nataka kujua ametumwa na nani.

Nilikuwa sahihi. Aliyemaliza shule alitakiwa kuondoka, na haukuwa ukatili. Vitanda vilikuwa vichache, na kila msimu mtoto mwingine mdogo aliletwa amefungwa mgongoni kwa mtu asiyekuwa mama yake. Elisha alishamaliza darasa la saba na kujifunza useremala kwenye kiwanda cha misheni. Mimi nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha nne na nilikuwa nangoja kujua kama nitachaguliwa kuendelea. Baada ya wali na maharage Mama Dorika, mlezi wetu, alimpa kila mmoja blanketi, sahani na kikombe cha bati, na jembe. Alitusimamisha akatuombea, akatukumbusha kuamkia wakubwa hata kama hawakutuangalia. Nilikusanya vyombo kama kawaida yangu kuvipeleka jikoni, na nikiwa nyuma ya mlango nikamsikia mchungaji akiongea naye barazani. Kijana hakumtia wasiwasi, alisema, kijana ana mikono. Lakini binti?

"Kijiji kimesema kitawapokea wote wawili," Mama Dorika alijibu.

"Kitampokea. Lakini atakuwa nani pale?"

Mama Dorika alikivuta kiti chake. Kisha akasema, "Atakuwa Damari."

"Hilo ni jina tu, mama," mchungaji akasema, kwa upole.

Nimekaa na wanafalsafa wa kila aina, na sijasikia bado swali lililonitisha kama lile la mchungaji. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, kwa nini tunaimba kabla ya kula na si baada, kwa nini wavulana hawachoti maji, sikuwahi kulifikia swali hilo. Kulikuwa na kitanda, kengele na meza, na mtu mwenye nafasi yake mezani haulizi yeye ni nani.

Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inahama. Watu waliokuwa wamekaa mmoja kwenye kilima chake na mwingine ng'ambo ya mto walikuwa wanajenga pamoja, kwa mistari, kando ya barabara. Kijiji tulichopelekwa kilikuwa bondeni, kati ya Kilosa na Mikumi, na kilikuwa kipya kiasi kwamba hakikuwa na jina. Vitongoji vitatu vilivyounganishwa vilikuwa vimeshindwa kukubaliana, kila kimoja kikitaka jina lake, na kwa kuwa hakuna aliyeshinda watu wakawa wanasema tu "Kambini". Mwenyekiti, Mzee Kibwana, alikuja mwenyewe kutupokea lori liliposimama. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijateremka nikamuuliza kama walituchukua kwa ajili yetu au kwa ajili ya palizi ya shamba la kijiji. Elisha alinikanyaga mguu. Mzee Kibwana alininyooshea mkono. "Teremka kwanza, unywe maji," akasema. "Swali halikimbii."

Elisha alilazwa na vijana waliokuwa wakijenga ghala, na baada ya wiki chache alikuwa anatumwa, anatukanwa na kuazimwa misumeno kama aliyezaliwa pale. Mimi nilipewa chumba kwa Bi Mwanaidi, mjane, dada yake mwenyekiti. Watoto wake wa kiume walikuwa wamekwenda kufanya kazi mbali na hakuwa na binti. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, rundo la mahindi kwenye pembe moja, na tundu la dirisha ambalo kupitia kwake niliona mbaazi na kipande cha njia. Ukuta uliotenga chumba changu na chake haukufika juu. Nilimsikia usiku akigeuka, nikamsikia alfajiri akitia udhu, na yeye bila shaka alinisikia nikilia wiki ya kwanza, maana asubuhi alinipa uji mzito zaidi na hakusema neno. Alikuwa mwanamke wa maneno machache sana. Alinifundisha kutwanga kwa kusimama upande wa pili wa kinu na kuanza kutwanga.

Chakula cha jioni kilitoka nje. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amepanga zamu, kila jua likishuka mtoto au mwanamke wa nyumba fulani alikuja na sahani iliyofunikwa kawa: ugali na mlenda, kisamvu cha karanga, mbaazi, siku nyingine samaki wa mtoni. Ukipenda, huo ndio msaada wa jamii, na mimi sasa niliyesoma ripoti nyingi kuhusu vijana waliokulia kwenye vituo najua kwamba wengi hawapati hata hiyo sahani. Wakati ule ilinichoma. Aliyeleta alisema "karibu mgeni", akangoja nishukuru, akarudi kwao. Wanawake waliponikuta njiani waliniachia upande wenye kivuli. Niliposhika ndoo mtoto aliipokea. Hakuna aliyenituma chumvi, hakuna aliyenicheka nilipokata mche wa mahindi nikidhani ni gugu. Walifukia shimo la mche ule kimyakimya kana kwamba ningevunjika wakisema. Walikuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe kutwa nzima, na nilipokaribia walinyamaza wakanisalimu. Nilimuuliza msichana mmoja kwa nini haniachi nichote maji kama yeye. Alishangaa. "Wewe si mgeni?" akasema.

Kisha nikasikia, kwa sababu ya ukuta ule, mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. Mzee Kibwana alikuwa amekuja kwa dada yake baada ya chakula. Alisema amefikiria habari ya kiwanja changu na hawezi. Kiwanja hupewa kaya, na kaya ina watu nyuma yake.

"Mpe chumba, mpe chakula, hakuna atakayekukataza," alisema. "Lakini huyu akiugua nitamwita nani? Akiposwa, mkwe aje kwa nani? Akifa..."

"Hajafa," Bi Mwanaidi alisema. "Anangoja shule."

"Na shule ikifungwa anarudi kwa nani? Palizi na mavuno yakiisha, misheni wamtafutie kazi ya ndani huko Morogoro. Ni heshima pia."

"Hana mtu, Kibwana."

"Ndiyo nisemayo. Ukoo hauokotwi njiani."

Sikuweza kumchukia, maana alichosema kilikuwa na mantiki, na mimi nilikuwa mpenzi wa mantiki. Kwa Wasagara wa pale ukoo hutoka kwa mama. Aliyejua mama yake alijua pa kuzikwa, pa kulima, na mjomba wa kumlilia. Asiyemjua mama hakuwa na mlango wa kuingilia, na mwenye ufunguo wa ukoo wa Bi Mwanaidi alikuwa mjomba wa ukoo huo, yaani huyo huyo kaka yake. Na habari ya shule ilikuwa ya kweli. Nikichaguliwa kidato cha tano, mabweni yangefungwa kila likizo na kila msichana angepanda gari la kwenda kwao. Nisipochaguliwa, mavuno yalikuwa karibu, na Morogoro kulikuwa na majiko ya watu yanayongoja msichana asiye na pa kukimbilia. Nililala nikitazama mahindi kwenye pembe. Yalikuwa yanapungua.

Ng'ambo ya njia, mkabala na tundu langu la dirisha, alikaa Bi Tausi. Ukoo wake ulishuka zamani kutoka milimani, upande wa Malolo, na yeye alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, mwenye sauti ambayo kijiji kizima kiliitegemea wakati wa kufukuza nyani mashambani. Walisema nyani wa Mikumi wanamjua kwa jina. Kwangu alikuwa mpole kama wengine. Zamu yake ilipofika alileta kisamvu kizuri kuliko vyote. Aliingia na kutoka kwa Bi Mwanaidi kama kwake, na nilizoea kusikia wakitupiana maneno ambayo Mama Dorika angetuosha mdomo kwa sabuni kwa kuyasema: mmoja akimwita mwenzake mchawi, mwingine akiapa kwamba atacheza siku ya matanga yake. Niliandika akilini mwangu kwamba wanachukiana. Nilikuwa msichana wa kuangalia mambo kwa makini, na nilikuwa nakosea.

Siku yenyewe tulikuwa tunapalilia pamba ya kijiji. Adhuhuri tulikaa kwenye ukingo wa shamba, na kwa kuwa tulikuwa shambani sahani ya mchana nayo ililetwa pale: ugali na samaki mzima wa kukaanga, kutoka kwa balozi. Sikuwa nimekula hata tonge. Bi Tausi alikuja bila salamu, akaitwaa sahani mapajani mwangu, akakaa mbele yangu.

"Tokea lini mkono usiojua kushika jembe ukajua kushika samaki?" akasema, akaanza kula. Watu wote waliacha kutafuna. "Mtazameni. Analima kama anayesoma. Magugu yameshamsomea somo zima, yanamngoja amalize ndiyo yang'oke." Alikata kipande kingine. "Na hicho kichwa, Mwanaidi, ulikichagua wewe? Vibuyu vyote vya bonde hili, ukachukua hicho?"

Alimla samaki wangu mpaka kichwa. Alinyonya miiba mmoja mmoja, bila haraka, akinitazama. Halafu akasimama, akaipindua sahani tupu, akanivika kichwani kama kofia. Wanawake wakaangua kicheko ambacho kwa miezi yote ile sikuwahi kukisikia mbele yangu. Nilimtafuta Bi Mwanaidi kwa macho. Alikuwa ameinamia chakula chake na mabega yanamtikisika, nami nikadhani analia kwa ajili yangu.

Niliondoa ile sahani kichwani na kwenda moja kwa moja kwa Mzee Kibwana, aliyekuwa anakagua mwisho wa mstari. Nilimwamkia, nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, nina mashtaka." Nilimweleza nilichofanyiwa. Nilisema kwamba tumeambiwa binadamu wote ni sawa, na kama usawa ni wa kwenye mikutano tu basi na tuambiwe. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza tena, polepole, kama sitaki kwenda kwanza nyumbani nikazungumze na Bi Mwanaidi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona maji yanaingia ndani ya nyumba na hana pa kuyazibia. Nilifikiri anamwogopa Bi Tausi. Nikasema nataka baraza, mbele ya watu wote, leo.

Baraza lilikaa jioni ndani ya ghala ambalo Elisha na wenzake walikuwa wametoka kuliezeka. Watu walikaa juu ya magunia ya mbolea. Mzee Kibwana alikaa kwenye benchi, na Bi Tausi alichagua gunia kubwa kuliko yote, akajinyoosha kama yuko kwake. Nilisema yangu kwa Kiswahili cha darasani, heshima ya mwanamke, haki ya mfanyakazi kula jasho lake, na kila nilipotaja neno kubwa mtu mmoja nyuma alikohoa. Elisha alikuwa ameshika paji la uso. Nilipomaliza, mwenyekiti alimgeukia Bi Tausi.

"Umesikia. Ulikula chakula cha mgeni wa kijiji?"

"Sikula," Bi Tausi alisema. "Mgeni wa kijiji hana neno nami, ningempa na maji ya kunawa. Nimekula chakula cha mtu wa nyumba ya Mwanaidi."

"Kwa haki gani?"

"Kwa haki ile ile babu yangu aliyomlia kuku wa babu yako, Kibwana, akawaachia manyoya mlangoni. Ninyi ni watani zetu." Alijiinua kwenye gunia, na sauti ya kufukuza nyani ikashuka mpaka ikawa ya kawaida. "Kama huyu si wenu, basi nimemtukana mtoto wa watu bure. Niadhibuni. Nitapiga magoti hapa hapa nimwombe radhi. Kama ni wenu, mwambieni anyamaze, anatuchelewesha na palizi."

Hakuna aliyekohoa. Utani nilikuwa nimeusoma shuleni: kwamba makabila fulani, na koo fulani ndani ya kabila, wana ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana vitu, na kusaidiana kwenye mazishi, na hakuna kukasirika. Nilijibu swali la mtihani kuhusu jambo hilo. Lakini sikuwahi kutukanwa kwa haki na mtu yeyote. Mtani hukufikia kupitia ukoo wako, na mimi nilikuwa sina njia ya kufikiwa. Nilimtazama Bi Tausi, nikaanza kuona alichokiweka katikati ya lile ghala.

Bi Mwanaidi alisimama. Sikuwahi kumwona akisema mbele za watu. "Mimi sina mashtaka na mtani wangu," alisema. "Aliyekula sahani ya mwanangu amekula yangu." Akakaa.

Ilibaki kwa mjomba. Ninapolifikiria sasa namwonea huruma yule mzee. Alikuwa na mashamba ya ukoo ya kulinda, na wapwa wengine ambao wangeuliza. Akimhukumu Bi Tausi, angevunja mbele ya kijiji kizima jambo lililodumu tangu kwa babu zao. Akimwachia, angekuwa ametamka lile alilokataa kutamka nyuma ya ukuta wangu. Na aliyemfikisha hapo ni mimi, niliyetaka baraza, na mbele ya watu wote. Alitazama mabati ya paa. Halafu kitu kikamtoka tumboni, kikapanda, na nikatambua kuwa anacheka, anacheka mpaka akavua kofia akajifutia macho.

"Binti, hukufundishwa, kosa si lako," alisema. "Mtani hashtakiwi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Wewe ndiye wa kwanza."

Mdomo ulikuwa wangu bado. "Ukoo wetu," nikasema, "maana yake wako na wa nani?"

"Mnaona?" Mzee Kibwana aliwaambia watu. "Nimepata mpwa, na tayari ananihoji." Ghala zima likacheka, na safari hiyo nilijua wanamcheka nani: mpwa wa mwenyekiti.

Jioni ile nilikaa kizingitini kama kawaida, nikingoja sahani. Giza liliingia, hakuna mtoto aliyekuja, hakuna kawa. Bi Mwanaidi alitokeza kichwa. "Unangoja nini?" akasema. "Kuni zimeisha, na ugali haujisongi." Nilikwenda kukusanya kuni. Nilipuliza moto, na machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke kwa kuwa moshi ulikuwa mwingi na hakuna aliyehitaji maelezo. Kuanzia kesho yake walinituma chumvi, walinipa ndoo, walinicheka nilipokata mche wa mahindi. Sijui kama nimewahi kulala usingizi mzito kuliko wa miezi ile.

Elisha ndiye aliyeleta habari kutoka Kilosa kwamba nimechaguliwa. Bi Tausi alisema shule ile imekwisha, sasa wanachukua na vibuyu. Likizo ya kwanza nilipanda gari na wasichana wengine, na mmoja aliponiuliza kwetu ni wapi nilimjibu bila kupunguza sauti. Nilishuka njia panda jua likiwa juu. Bi Tausi alikuwa ananingoja. Alilifungua sanduku langu pale pale barabarani, akachukua sabuni yangu ya kuogea, akaondoka nayo. Mjomba alinipa kiwanja mwaka uliofuata. Elisha alinijengea mlango, nao bado unafungika.

Nilipofika chuo kikuu nilisikiliza wahadhiri wengi wakizungumzia vijiji vile, wenye kuvisifu na wenye kuvilaani, na nilibishana na wote. Najua waliohamishwa kwa nguvu. Najua pamba iliyooza. Najua pia kwamba kilichonipokea mimi kilikuwa kizee kuliko siasa, na kwamba bila ile siasa nisingekuwa na ghala la kukifikisha. Lililonisumbua zaidi ni kwamba niliokolewa kwa kosa. Msichana mpole zaidi yangu angekula njaa akanyamaza, angepelekwa Morogoro. Kwa hiyo nilipokuwa mwaka wa pili nilimwandama mjomba, na yeye, ambaye alishachoka na maswali yangu, akakubali: kila kijana aliyeteremka kutoka ile nyumba ya milimani angepewa kwanza nyumba iliyo tayari kusema ni wake, na baada ya hapo mtani wa nyumba hiyo apelekewe habari. Walikuja wengi. Baadhi waliondoka, mmoja aliiba baiskeli, wengine wamezeeka pale na wajukuu. Bi Tausi alikuwa akiuliza tu, "Huyu naye anakula nini?" kisha anakwenda kumvizia.

Jambo moja nimeshindwa kulijua. Je, yeye na Bi Mwanaidi walipanga? Walijua kwamba nitakwenda kushtaki, mimi mwenye mdomo ule? Nilimuuliza Bi Mwanaidi, akaniambia nigeuze mihogo isiungue. Nilimuuliza Bi Tausi mara nyingi, mara ya mwisho nikiwa tayari na mvi. Alinijibu kwamba serikali ilipoteza fedha kunisomesha. Nimezoea kutokuliacha swali mpaka lijibiwe. Hili nimeliacha.

Elisha alinipokea Mikumi na gari lake la kubebea mbao. Tulifika kijijini siku ya pili ya msiba, mchana. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wakiongea kwa sauti ya chini, wapole kupita kiasi; niliufahamu upole ule. Zuhura alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu, na mbele yake sahani imefunikwa kawa. Wote walinitazama wakingoja niwape pole. Sikumsalimu mtu. Nilivua viatu, nikapita katikati yao, nikaiinua ile sahani, nikakaa mbele yake.

"Mama yako ameondoka na samaki wangu," nikasema. "Mzima, wa kukaanga, na kichwa chake. Miaka yote hii nangoja. Nimekuja kujilipa." Nikala tonge. "Na wali huu amepika nani? Mmewaita nyani waje kumpikia mkubwa wao?"

Mtu mmoja nyuma alitoa sauti kama aliyepaliwa. Mwingine akajifunika khanga usoni. Nikala tonge la pili, kubwa, nikasema mama yake alikuwa akishindana na mimi kwa sura mbaya na sasa ameniachia ushindi bila taabu, na vicheko vikaanza kupita kwenye mikeka huku watu wakilia. Zuhura aliinua kichwa.

"Damari," akasema, sauti imekauka. "Weka sahani yangu."

"Yako? Ulikuwa na mpango nayo?"

Aliinyang'anya kwa mikono miwili. Aliiweka mapajani, akaizuia kwa kiwiko nisiifikie, akatia vidole kwenye wali. Tonge la kwanza lilikuwa dogo, machozi yanamdondokea mkononi. La pili halikuwa dogo. Nilinyoosha mkono, akaupiga. Nilikuwa sijala tangu Dar es Salaam, na nilimtazama akila mpaka akaikwangua ile sahani, hakuniachia hata punje.